Kumpandisha Baba Vuria

Kazi yangu, ukiniuliza, ni kuwazuia watu wasijidanganye kuhusu umbali. Naifanya katika ofisi ndogo pale Voi, jirani na duka la magodoro, na mimi ndiye ninayewapangia wageni safari za siku moja. Wageni wenyewe huja na ramani kwenye simu na imani ya kuhamisha milima, jambo ambalo lingesaidia sana, maana milima ikihamishiwa kando ya barabara kuu kazi yangu ingekuwa nyepesi. Wanataka kuona ndovu Tsavo alfajiri, kula mchana juu ya Milima ya Taita, kuoga baharini Mombasa jioni, na hapo katikati wapate nafasi ya kuzungumza na wenyeji. Mimi huwasikiliza kwa upendo wote waliolipia. Kisha nawaambia wachague mlima mmoja, waondoke mapema, na wakibakiwa na muda washukuru Mungu na wanywe soda.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba siku nitakayompeleka baba yangu mzazi mlimani, mambo yangekwenda sawasawa. Nami nilitarajia hivyo. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mimi nilidhani walikuwa wakizungumza juu ya waganga.

Baba ni mtu wa magharibi mwa nchi. Aliletwa Voi na reli akiwa kijana, akawekwa kwenye gengi la kutengeneza njia: kutembea na nyundo begani juu ya mataruma yanayobeba reli, kukaza kilicholegea, kung'oa kilichooza, kwenye ile reli ya zamani inayotoka Voi kupitia Mwatate na Maktau mpaka Taveta. Miaka yote hiyo milima ilikuwa mkono wake wa kulia akienda, na wa kushoto akirudi. Siku moja, alikuwa akituambia tukiwa watoto, nitapanda pale juu kabisa niione njia yangu yote kwa mara moja. Basi hiyo siku moja ikawa inangoja. Akastaafu. Reli nayo ikastaafu, vichaka vikaimeza, na baba akawa bado anakaa kibarazani kwetu mtaani Birikani akitazama milima kama mtu anayetazama duka ambalo atakuja kununua kitu mwisho wa mwezi.

Kisha daktari wa macho akatuambia ni presha ya macho. Si mtoto wa jicho, ambaye hutolewa na mtu akarudi kusoma Biblia yake. Hii ni nyingine, inayokula macho polepole, na ilichokula haikirudishi. Baba akapewa matone ya kutia asubuhi na usiku. Mimi nikavutwa kando nikaambiwa kwamba kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, asingoje.

Jioni ile nilimuuliza anataka kuona nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilidhani atasema kaburi la mama kule kwao, au wajukuu wake, ambao walikuwa hapo hapo sakafuni wakigombania chaja.

"Hao nimeona," akasema. "Nipelekeni Vuria."

Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote Taita. Huko juu kuna milingoti ya mawasiliano, na siku anga likiwa safi unaona nchi yote tambarare ya chini: mashamba ya mkonge ya Mwatate, barabara ya Taveta, kijilima cha Salaita kwa mbali, na nyuma ya vyote Kilimanjaro na theluji yake. Njia ya baba inapita humo humo. Lakini anga hilo huwa safi asubuhi. Jua likishapanda, ukungu nao unapanda, na ukishakaa hauna habari na mtu, awe ametoka Voi au Ulaya. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: baba afike juu kabla ya ukungu, na kabla ya macho yake kwisha. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Nikakaa nikapanga. Nilipanga kama ninavyowapangia watu wanaolipa, tena zaidi. Kutoka Voi kukiwa bado na baridi. Mwatate mafuta na choo. Zile kona za kupanda Wundanyi tuzichukue polepole, kwa sababu baba akizungushwa sana tumbo lake huanza siasa. Kutoka Wundanyi tushike njia ya Werugha, kisha barabara ya udongo mpaka gari likatae. Hapo miguu, kwa mwendo wa mzee mwenye magoti ya reli. Saa nne tuko juu. Tunatazama mpaka aseme basi, tunakula mkate na mayai, tunashuka. Nikaongeza na muda wa kuziba pancha, kwa sababu gari letu ni Probox na mimi si mjinga. Simu yangu ilidai kwamba kwa gari ni mwendo wa saa mbili hivi. Simu yangu haijaolewa Taita.

Mimi nimeolewa Taita. Mume wangu ni Mdawida, yaani Mtaita, wa huko huko juu, kupita Wundanyi, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu usioonekana kwenye ramani yoyote. Kwao, kupita karibu na nyumba ya ndugu bila kusimama ni tusi litakalosimuliwa mpaka kwenye matanga yako. Na mlima mzima ni ndugu. Kila kona ina shangazi, kila mgomba una binamu chini yake, na wote wana chai jikoni.

Kwa upande wetu sisi, baba wa binti haingii ukweni hivi hivi. Anaalikwa rasmi, anasindikizwa na wazee wenzake, anabeba kitu cha maana, na hata hapo hali ovyo ovyo kama mtu aliyekuja kwenye mkutano wa kampeni. Wakati wa mahari wao ndio walioshuka Voi. Baba hakuwahi kupanda kwao. Ziara yake rasmi ilikuwa ikiahirishwa mwaka hadi mwaka. Mara ukame, mara uchaguzi, mara wazee wa kumsindikiza wamekufa na inabidi watafutwe wengine. Ndiyo sababu ya kweli iliyomfanya akae chini ya milima ile maisha yake yote bila kuipanda, kwanza kazi, kisha ukwe. Sasa nilikuwa na wanaume wawili wa kuwapakia kwenye gari moja, mmoja asiyeweza kupita bila kusimama, na mwingine asiyeweza kusimama. Mgeni wa Kijerumani hajawahi kuniletea shida ya namna hiyo. Mjerumani hulalamika tu kwamba kahawa ni ya unga.

"Mnipitishe tu," baba akasema. "Naenda kwa mlima, siendi kwa watu. Mkwe asione gari."

"Haiwezekani, baba," mume wangu akasema, kwa upole wa mtu anayeijua nchi yake.

"Itawezekana," nikasema mimi.

Nikamwapisha mume wangu asimwambie mtu yeyote kwao. Akaapa. Na sitamsingizia, hakumwambia mtu. Alichofanya ni kumpigia mama yake simu kumuuliza kama barabara ya juu imekauka tangu mvua.

"Nimeuliza barabara tu," akaniambia, akinitazama kwa macho ya malaika.

Mdawida akiuliza barabara amekwisha kutangaza safari. Mtu anayekaa Voi, kwenye vumbi jekundu na joto la kukaangia mayai, anahitaji nini na habari za tope la mlimani? Mama mkwe hakuuliza hata swali moja. Alijibu kwamba barabara ni nzuri, akakata simu, na kabla mume wangu hajaweka yake chini habari zilikuwa zimefika kwenye kundi la WhatsApp la familia, lile lenye picha ya msalaba na waridi. Shangazi yake mkubwa alikuwa ameshaandika Amina.

Siku yenyewe ikafika, mwezi wa pili, anga jeupe la kiangazi. Nilikuwa nimemnunulia baba viatu vya raba vya kupandia mlima. Alitoka nyumbani amevaa suti ya kijivu, tai, kofia, na vile viatu vyake vyeusi vya kanisani. Mkononi alikuwa na mfuko wenye sukari, majani ya chai na mkate mkubwa.

"Baba, si ulisema tunaenda kwa mlima?"

"Ndiyo."

"Sasa sukari ni ya nini?"

"Mlima iko na watu," akasema, akaingia kwenye gari.

Mkono mtupu haulambwi. Tukaondoka.

Mwatate ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Binamu yake mume wangu anauza vipuri vya pikipiki pale, na tulimkuta amesimama kando ya barabara na kichana cha ndizi, anapungia mkono kila Probox inayopita, maana hakujua yetu ni ipi. Wenye Probox wengine wawili walikuwa wamesimama kwa adabu wakidhani ni abiria. Hatukushuka. Baba aliteremsha kioo, akapokea ndizi kupitia dirishani, akashukuru kupitia dirishani, akaulizwa habari za Voi kupitia dirishani, kisha akaombewa kupitia dirishani, huku magari nyuma yetu yakipiga honi ya kuitikia. Nilipoona tumemaliza, nikapumua. Anga lilikuwa bado safi.

"Ukungu imeanza?" baba akauliza.

"Bado, baba."

Tulianza kona. Mimi, kwa uzoefu wangu, nikamwonyesha vitu: mashamba ya ngazi, mawe makubwa, maji yanayoteremka mwambani, jinsi nchi ya chini inavyokuwa bluu ukiiacha. Wageni hupiga kelele hapo na kuomba gari lisimame. Baba alisema "Mm" kila nilipomaliza. Sikushangaa, kwani baba si mtu wa maneno. Ila kila kona mbili tatu alikuwa akirudi kwenye swali lile lile la ukungu, nami nilikuwa nikimjibu kwa ufupi zaidi kila mara. Nilidhani ananiharakisha, na hakuna kitu kinachonikera kama abiria anayeniharakisha kwenye ratiba niliyoiandika mwenyewe.

Wundanyi tulipita bila tukio. Nilianza hata kujisifu. Mume wangu aliendesha kimya, mabega yamepanda karibu na masikio, na hilo lilipaswa kunitia wasiwasi.

Baada ya hapo, kwenye kona ya kuelekea kwao, niliona meza.

Ilikuwa meza ya sebuleni, yenye kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, imekaa ukingoni mwa barabara kama kituo cha kupigia kura. Kulikuwa na viti kuizunguka, chupa za chai, na sufuria zilizofunikwa kwa sahani. Nyuma ya meza alisimama mama mkwe wangu, pembeni yake yule shangazi mkubwa mwenye sauti ya kwaya, na nyuma yao watu ambao sijui niwaiteje isipokuwa wakwe. Mume wangu alisimamisha gari. Sikumwambia asimamishe, lakini meza ilikuwa imekula nusu ya njia.

Mama mkwe alikuja mpaka dirishani, upande wa baba.

"Kwawuka mana, baba," akamwamkia kwa Kidawida, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Tumesikia nyinyi hamuingiangi kwa nyumba ya mkwe bila mpango. Hiyo ni heshima, na sisi tumeiheshimu. Lakini hapa si kwa nyumba. Hapa ni barabara ya serikali, na serikali haina mkwe."

Baba alilitafakari jambo hilo. Yeye ni mtu wa reli. Amekulia kwenye sheria, na akili yake hupenda sheria iliyokaa sawa. Nilimwona akiitafuta kasoro na kuikosa.

"Kwa barabara ya serikali," akasema, "sawa." Akafungua mlango.

Nikamgeukia mume wangu nimuulize ni nani aliyewaambia mila zetu. Alikuwa amechuchumaa anakagua tairi.

Nisingependa kuonekana sina shukrani. Chai ilikuwa ya maziwa mazito na tangawizi. Kulikuwa na kimanga, kile chakula chao cha maharagwe na mihogo yaliyopondwa pamoja na mwiko mpaka mwiko unasimama wenyewe, na kilikuwa cha aina tatu kwa sababu kila mpishi alikuja na chake, na kula cha mmoja ukaacha cha mwingine ni kuanzisha vita. Kwanza tuliomba. Shangazi aliombea safari, barabara, injini, nchi na viongozi wake, kisha akaombea macho ya baba, jicho la kulia peke yake na la kushoto peke yake, asije Mungu akachanganya. Kisha kila mtu akajitambulisha na kueleza undugu wake. Kisha likaja lori la mchanga. Tukainyanyua meza na vyombo vyake, lori likapita, likasimama, dereva akapewa chai, tukairudisha meza.

Mimi nilikuwa nikitazama anga. Juu ya kilele, upande wa milingoti, kulikuwa na kijiwingu kimoja kidogo, kimekaa kinanitazama. Saa yangu ya kufika juu ilipita nikiwa na sahani ya pili mkononi.

"Shangazi, samahani," nikasema, kwa ile sauti yangu ya ofisini. "Tunashukuru sana, lakini lazima tuende. Mlima ni mrefu."

"Keti, mwanangu. Mlima haiendi mahali."

"Haiendi, lakini ukungu inakuja."

"Mwenda pole hajikwai," akasema, akaniongezea kimanga.

Mwenda pole hajikwai, kweli. Hufika salama salimini na kukuta hakuna cha kuona. Nilikuwa na hasira ya kulia. Niliwachukia wote saa ile, na vitambaa vyao vya kufuma na ukarimu wao usio na breki. Baba yangu alikuwa amebakiwa na macho kidogo, na watu hawa walikuwa wakiyatumia kumwonyesha sufuria.

Baba mwenyewe hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa ameweka kofia gotini, anasimulia habari ya nyati aliyelala katikati ya reli kule Maktau, jinsi gengi zima lilivyokaa juu ya mti likimngoja aamke. Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Baba akaendelea na nyati wa pili. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akachukua ule mfuko wa sukari na kumkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili, na mama mkwe akaupokea kwa mikono miwili. Ile ziara rasmi iliyokuwa ikiahirishwa tangu nikiwa bibi harusi ikawa imekwisha kufanyika, katikati ya barabara, na mimi niliyekuwa nikiitamani miaka yote sikuifurahia kwa sababu nilikuwa nikitazama wingu.

Mwishowe tukaruhusiwa kuondoka. Si peke yetu, bila shaka. Mgeni hapandi mlima kama mbuzi aliyepotea, akasema shangazi, akaingia kwenye buti la Probox na viatu vyake vya gambuti, leso yake na chupa ya chai. Mama mkwe akaingia nyuma na sisi. Gari lilipanda likilalamika, na mimi nililiunga mkono moyoni. Lilipofika kwenye makorongo ya juu, likakataa, kama nilivyokuwa nimepanga. Ni hilo tu katika siku nzima lililokwenda kama nilivyopanga.

Tukaanza kutembea msituni. Kulikuwa na baridi, na miti yenye ndevu za kijani, na ndege waliokuwa wakiitana bila kuonekana. Baba aliweka mkono begani mwangu.

"Magoti," akasema.

Alitembea vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila alikuwa akinyanyua mguu juu sana kwenye kila mzizi, na pengine akiunyanyua hivyo hivyo mahali pasipo na mzizi. Viatu vya kanisani, nikawaza, nikajisemea kwamba zile raba nilizozitupia kwenye buti zimebaki huko, na njia nzima shangazi alikuwa amezikalia. Tulipumzika mara nyingi. Kila tulipopumzika shangazi alimimina chai, na kila alipomimina mimi nilitazama juu kupitia kwenye majani.

"Ukungu imeanza?" baba akauliza.

"Bado, baba. Lakini tukikaa hapa tutaukuta."

"Basi twende," akasema, akainuka kabla yangu.

Tukatoka msituni, tukapanda kipande cha mwisho chenye nyasi na mawe, milingoti ikiwa juu yetu inavuma na upepo. Jua lilikuwa limeshafika katikati. Kwa hesabu yangu, na kwa hesabu ya mtu yeyote anayeijua milima hii, tulikuwa tumechelewa kabisa. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumwambia mume wangu tukifika nyumbani, na yalikuwa mengi, tena mazuri.

Lakini hapakuwa na ukungu. Kile kijiwingu kilikuwa kimekwenda zake. Sijui kama ni maombi ya shangazi au ni ukaidi wa kiangazi. Nilifika ukingoni nikapiga kelele kama Mjerumani. Nchi yote ilikuwa imetandikwa chini yetu: miraba ya mkonge, udongo mwekundu, barabara ya Taveta nyembamba kama uzi, gari moja likimetameta juu yake, Salaita kule, na Kilimanjaro mzima mzima, bila hata utaji. Nimeleta wageni hapa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka na sijawahi kuuona mlima ule ukiwa wazi namna ile saa kama zile. Nilifurahi mpaka nikasahau kukasirika. Nilimshika baba mkono, nikamkalisha kwenye jiwe, uso wake nikauelekeza kule ilikopita njia yake.

"Haya, baba. Tazama."

Akavua kofia. Akatazama. Alitazama muda mrefu, akigeuza kichwa huku na huku polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Kisha akavaa kofia yake tena.

"Tumechelewa, mama," akaniambia. Huniita mama, kwa jina la mama yake. Alisema kwa sauti ya chini, ya kunibembeleza, ili nisijisikie vibaya. "Hiyo ukungu imefunga kila mahali. Ni nyeupe tu."

Nilitazama tena. Jua lilikuwa likituchoma. Niliweza kuona kivuli cha ndege kikipita juu ya mkonge.

Mume wangu aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na cha kukagua. Ndipo nilipoelewa ule mkono begani mwangu, na ile miguu iliyokuwa ikinyanyuliwa pasipo na mzizi, na kila lile swali la ukungu ambalo nililijibu kwa ukali. Hakuwa ananiharakisha. Alikuwa anauliza kama ni kweli kuna ukungu, kwa sababu yeye alikuwa anauona tangu Voi.

Shangazi akaivuta leso yake mabegani, akaifunga vizuri kifuani, kama mtu anayesikia baridi.

"Utusamehe, baba," akasema. "Hiyo ni chai yangu. Nimewachelewesha na chai, sasa ona vile ukungu imeingia."

"Imeingia mbaya," akasema mama mkwe, akikinga macho na jua kwa kiganja. "Huku kwetu iko hivyo. Haina adabu."

"Hata mimi sioni gari letu," akasema mume wangu.

Baba akacheka. "Mkwe asijilaumu. Chai ilikuwa nzuri." Akageuza uso tena kule mbele. "Lakini iko hapo chini, ama? Njia?"

"Iko," akasema shangazi. Akaja akaketi kando yake kwenye jiwe, akaushika mkono wake na kuunyoosha mbele, kidole kwa kidole. "Mwatate iko hapa. Ukikuja hivi, Bura. Sasa hapa, Maktau." Alikuwa akiusogeza mkono wa baba polepole juu ya nchi, na alikuwa akiusogeza sawasawa, nilifuata kwa macho. "Ukungu ikitoka, hapa mwisho ndio ungeona Salaita."

"Kabla ya Maktau kuna mahali reli inapinda," baba akasema.

"Hapo," shangazi akasema, akaupinda mkono wake.

Nilikwenda nikakaa upande wake mwingine, karibu sana, nikanusa sabuni ya suti yake.

"Wewe unaona kitu?" akaniuliza.

"Sioni kitu, baba," nikasema. "Ni nyeupe tu."

"Basi tungoje kidogo. Labda itafunguka."

Mama mkwe akakaa, na mume wangu akakaa. Shangazi akafungua chupa akammiminia kila mtu kikombe, mimi nikapokea changu kwa mikono miwili. Tukakaa wote juani, tukingoja ukungu uondoke.